Nani Anakukimbiza?

Ukianzia stesheni ya Kigoma alfajiri, reli mgongoni na mlima wa kwenda Mwanga usoni, hutamaliza mita mia tano kabla hujaulizwa swali. Wa kwanza kuuliza huwa bodaboda, kwani yeye ndiye mwenye hasara. "Bosi, buku tu, Mwanga." Ukitikisa kichwa anapunguza mwendo, anakwenda nawe sambamba, anakukagua kuanzia viatu hadi jasho la kipaji, kisha anashusha bei: "Haya, jero." Ukikataa na hiyo anavuta mafuta na kuondoka, na neno la kuagana analitupa nyuma ya bega: "Ukichoka, nipo pale juu kwenye mwembe." Nimesoma mabango mengi ya kuwatia moyo wakimbiaji. Hakuna hata moja lililonipandisha mlima ule kwa hasira kama ahadi ile ya mtu aliyekwisha kunipangia kituo cha kushindwa.

Baada ya bodaboda wanakuja wengine. Muuza vocha: "Kaka, umeibiwa au umeiba?" Fundi baiskeli, bila kuinua kichwa kutoka kwenye mnyororo: "Sukari au presha?" Huyo hatanii sana. Mtaani, mtu mzima aliyevuka miaka arobaini akionekana anakimbia asubuhi, inajulikana ametoka kwa daktari na karatasi mkononi. Na yupo yule ambaye hakosekani, aliyekaa kwenye benchi la duka lisilofunguliwa bado: "Ndugu yangu, hapa ndiyo mwisho wa reli. Sasa wewe unakwenda wapi tena?"

Swali lake lina uzito wake. Reli ya Kati ilifika hapa mwaka 1914, baada ya kukata zaidi ya kilomita 1,200 kutoka Dar es Salaam, na tangu hapo Kigoma imelichukua jina la Mwisho wa Reli na kulivaa kwa fahari. Kwa mtu aliyezaliwa mahali ambapo treni yenyewe hukubali kusimama, kumwona binadamu anaendelea mbele kwa miguu, tena hana mzigo, ni jambo la kutaka maelezo.

Swali kali kuliko yote, hata hivyo, ni lile linalokungoja wakati wa kurudi. Mkimbiaji wa masafa ana tabia moja ambayo haina utetezi: huenda mpaka mahali fulani, akafika, akageuka, akarudi. Hakununua kitu, hakumjulia hali mtu. Mama anayeanika dagaa Kibirizi alikuona ukienda, na dagaa wake hawajapata hata jua la kutosha anakuona unarudi mikono mitupu. "Baba weee! Ulisahau nini huko?" Hapo utasema nini? Utamweleza kwamba umekwenda kilomita tano ili uzirudie kilomita tano? Anawaita wenzake waje wakuone, na kicheko kinakusindikiza ufukweni mpaka yanapoanzia maboti.

Watoto ndio waamuzi wasio na huruma. Anatokea mmoja wa darasa la tatu, kandambili miguuni, ufagio wa shule mkono huu, kidumu cha maji mkono ule. Anajiunga nawe bila kualikwa na anakimbia ubavuni mwako akiwa anaongea: jina lako nani, viatu hivyo shilingi ngapi, wewe ni askari? Halafu linakuja lile ambalo kila mkimbiaji wa mkoa huu amelisikia kwa sauti yake: "Mjomba, mbona unahema?" Yeye hahemi. Anakata kona ya shule akiwa na kidumu chake kimejaa, hakuna tone lililomwagika.

Mwanamke hupata orodha yake peke yake. "Dada, unamfuata nani?" "Mama, mtoto umemwachia nani?" "Utakonda, watu waseme mumeo hakulishi." Nawajua wanaoamka saa kumi na moja kabla ya mwanga ili wakimbie kilomita zao bila kuhojiwa, na hilo si la kucheka. Septemba 2023 Magdalena Shauri alimaliza wa tatu marathoni ya Berlin kwa saa 2:18:41, muda ambao hadi siku ile hakuna Mtanzania wa kike aliyewahi kuukimbia. Siku hizi baadhi yao wakiulizwa wanamfuata nani wanajibu, "Shauri." Aliyeuliza hubaki akijiuliza ni shauri la kesi gani.

Hapa niseme kwa nini mkoa huu una maswali mengi kuliko mingine. Ukiwa Mbulu au Babati, mtu anayekimbia barabarani haulizwi kitu. Wakimbiaji wetu wengi wa masafa wametoka nyanda za juu za Manyara, Arusha na Singida, na huko kila kijiji kina wa kwake. Kigoma imetoa wanamuziki na wanasoka. Siku fainali ya Kombe la Shirikisho ilipochezwa Uwanja wa Lake Tanganyika, tarehe 25 Julai 2021, Simba ikaifunga Yanga bao 1-0, mji ulijaa watu wa kutoka kila kona ya nchi. Mtu akikuona umevaa bukta, swali lake la kwanza ni unachezea timu gani. Ukimjibu huchezi timu yoyote, unakimbia tu, anakuhurumia. Ameelewa kwamba uliachwa kwenye usajili.

Lakini swali lililoipa sura hii jina lake lina upande mwingine. "Nani anakukimbiza?" ni utani mahali pengi pa nchi hii, na mpigaji wake hangoji jibu. Kwenye ufukwe huu utawakuta wazee wanaouliza wakiwa wanamaanisha. Mei 2015 maelfu ya watu kutoka Burundi walirundikana Kagunga, kijiji cha ufukweni karibu na mpaka, na meli ya Liemba ikawa inawachukua kwa zamu na kuwaleta Kigoma. Walipokewa katika uwanja uleule wa Lake Tanganyika kabla ya kupelekwa kambini Nyarugusu. Kabla yao walikuja wa 1972, wa 1993, na waliovuka ziwa kutoka Kongo miaka ya vita. Mzee aliyeyaona hayo akimwona mtu anakuja mbio asubuhi, kwanza hutazama nyuma yake. Jibu lililo sahihi kwa mzee wa namna hiyo si mzaha. "Salama, baba, ni mazoezi tu." Atasema, "Alhamdulillahi," na utaona mabega yake yanashuka.

Nimegusa wazee, basi nimalize habari yao, maana hapa ndipo mkimbiaji wa Ujiji anapoteseka kuliko mkimbiaji wa London. London unaweza kuwapita watu elfu moja umenyamaza. Ujiji huwezi kuupita mwembe mmoja. Chini yake wamekaa wazee na kahawa yao, bao limetandikwa katikati, na wewe ni mtoto wa mtu. Shikamoo lazima itoke, na itoke ikiwa nzima. Ukiikata katikati kwa kuhema, umetukana. Marahaba nayo haiji peke yake. Inafuatana na hujambo, na hali, na mama hajambo, na huyu ni wa nani kwani. Mtu aliyekuwa na mwendo mzuri wa dakika tano kwa kilomita anautoa sadaka pale. Wenye akili hutoa salamu moja kwa baraza zima kutoka mbali, "Asalaam alaikum wazee wangu!", wakajibiwa kwa pamoja wakiwa wamekwisha pita. Wenye akili zaidi wamejifunza barabara zisizo na miembe, ila Ujiji hizo ni chache.

Madaktari wa michezo wana kipimo wanachokipenda kwa sababu hakihitaji mashine: kama unaweza kusema sentensi nzima huku unakimbia, mwendo wako ni wa kujenga mwili, kama unatoa neno moja moja, umezidisha. Ujiji kipimo hicho ni cha bure na cha lazima. Nchi yetu ilikitumia zamani bila kukipa jina. Kila aliyesoma shule ya msingi Tanzania amekimbia mchakamchaka, mstari wa mbele anaimbisha, nyuma wanaitikia, na vumbi linapanda. Kizazi cha vita vya Kagera, 1978 na 1979, kiliyaimba ya Idi Amin kwa maneno ambayo nisingependa wajukuu wao wayasikie. Mwenye pumzi ya kuitikia alikuwa na pumzi ya kukimbia. Asiyeitikia alifuatwa na mwalimu mwenye fimbo, na mwanafunzi huyo ndiye mtu pekee katika sura hii ambaye aliulizwa "nani anakukimbiza?" akawa na jibu.

Nimesema hayo yote ili nifikie jambo moja linalonisumbua. Maneno ya mbio tunayoyapenda, yale yanayochapishwa kwenye fulana na kuandikwa ukutani, karibu yote yalisemwa na mtu aliyesimama: ama hajaanza, ama amekwisha maliza, amekunywa maji na mbele yake kuna mwandishi wa habari. Neno la mtu anayekimbia kwelikweli ni fupi, lina makosa, na mara nyingi limesahau jambo kuu. Ujiji inao mfano wa kila aina, na mifano yote miwili ilitokea siku moja.

Mwishoni mwa mwaka 1871 Henry Morton Stanley aliingia Ujiji baada ya miezi kadhaa ya njia kutoka Bagamoyo, akimtafuta David Livingstone. Salamu aliyodai kumtolea, ile ya kumdhania kuwa ndiye Daktari, imekuwa sentensi mashuhuri kuliko zote zilizowahi kutamkwa kandokando ya ziwa hili. Imechekwa kwa zaidi ya miaka mia na hamsini. Sasa, karatasi za shajara ya Stanley zilizopaswa kuwa na mkutano ule zimechanwa. Livingstone katika maandishi yake haitaji salamu hiyo. Tim Jeal, mwandishi wa wasifu wa Stanley, anaona kwamba huenda aliitunga baadaye. Yaani mtu alitembea zaidi ya kilomita elfu moja, akafika, na neno la kufikia likaja kutengenezwa mezani.

Lakini kabla ya Stanley kufungua mdomo palikuwa na mkimbiaji. Abdullah Susi, mtumishi wa Livingstone aliyetoka Shupanga kwenye mto Zambezi, aliupokea msafara ule nje kidogo ya mji, akamwamkia Stanley kwa Kiingereza, kisha akatimua mbio kumpasha bwana wake. Livingstone ameandika kwamba Susi alimjia kwa kasi yake yote, akihema, akatoa maneno machache tu: kuna Mwingereza, amemwona. Kisha akachomoka tena. Daktari hakuamini. Akataka kujua jina la mgeni. Susi hakuwa amelijua; katika haraka ile hakuuliza. Ikabidi arudi mbio kwa Stanley kuuliza jina, kwa maelezo ya Stanley mwenyewe. Na wala huyo hakuwa Mwingereza wa kawaida: alizaliwa Wales, akawa anatumwa na gazeti la New York, na bendera iliyotangulia msafara wake ilikuwa ya Marekani. Katika maneno yale machache Susi alikosea asili ya mgeni na kusahau jina, ila habari iliyohitajika ilifika. Huyo ndiye mkimbiaji wa kwanza wa Ujiji ninayemjua ambaye maneno yake yameandikwa, na kwangu mimi yanaishinda salamu ya Stanley, kwa sababu yana pumzi ndani yake. Mtu huyuhuyu, pamoja na James Chuma na wenzao, ndiye aliyekuja kuubeba mwili wa Livingstone kutoka bara, nchi ambayo leo ni Zambia, mpaka Bagamoyo, Februari 1874. Njiani humo sijui kama kuna aliyemtania.

Niende Mexico, maana hakuna sura ya maneno ya wakimbiaji itakayosamehewa ikimwacha John Stephen Akhwari. Tarehe 20 Oktoba 1968, marathoni ya Olimpiki, mji ulio juu ya usawa wa bahari kwa mita 2,240. Walianza 75. Akhwari wa Mbulu alianguka njiani katika msukumano wa wakimbiaji, goti likaumia vibaya na bega likapigwa chini. Mamo Wolde wa Ethiopia alishinda kwa saa 2:20:26. Zaidi ya saa moja baadaye, giza limeingia na watu wengi wamekwisha kwenda zao, Akhwari aliingia uwanjani akichechemea, bendeji mguuni, akamaliza kwa 3:25:27, wa 57 kati ya 57 waliomaliza. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, akajibu kwamba nchi yake haikumtuma maili 5,000 kwenda kuanza mbio, ilimtuma maili 5,000 kwenda kuzimaliza.

Nalipenda neno lile. Ila nilichukua ramani. Kutoka Dar es Salaam mpaka jiji la Mexico, ndege ikinyooka bila kutua popote, ni zaidi ya kilomita 15,000, yaani karibu maili 9,500. Iwe ni yeye, iwe ni mwandishi, iwe ni mdomo wa tatu, kuna aliyempunguzia Akhwari karibu nusu ya safari, na dunia nzima imelirudia kosa hilo bila kulalamika. Sidhani kama lina dhara. Kinachoniudhi ni kingine: watu wanamkumbuka Akhwari wakidhani alikuwa mkimbiaji dhaifu mwenye moyo mkubwa. Alikuwa mkimbiaji mkubwa aliyeumia. Miaka miwili baadaye, Edinburgh, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola ya 1970, alimaliza marathoni akiwa wa tano. Siku ile hakuulizwa neno la kukumbukwa, kwani hakukuwa na damu. Na kwa wapenda namba: alikuwa wa 57, na ilipita miaka 57 kutoka Mexico mpaka Alphonce Simbu alipoichukua dhahabu ya marathoni ya dunia Tokyo, Septemba 2025, akimpita Amanal Petros wa Ujerumani kwa sehemu tatu za mia za sekunde, wote wakiandikiwa 2:09:48.

Juma Ikangaa ananihusu kwa namna nyingine. Yeye ameachiwa neno kwamba nia ya kushinda si kitu kama huna nia ya kujiandaa, na limesafiri mpaka kwenye kumbi za mazoezi ambako hakuna anayejua kwamba alikuwa askari wa jeshi letu. Makocha wa Marekani nao wanahesabiwa maneno yanayokaribiana sana na hayo, na sitaingia kwenye ugomvi wa nani alitangulia. Ninachojua ni kwamba kama yupo mtu aliyelilipia neno hilo, ni yeye. Kwenye marathoni ya Boston alikuwa wa pili mara tatu mfululizo, 1988, 1989 na 1990. Ile ya 1988 Ibrahim Hussein wa Kenya alimzidi kwa sekunde moja. Novemba 1989 akashinda New York kwa 2:08:01. Ukilisoma ukutani ni nasaha. Ukizijua zile Boston tatu, utaona ni hesabu za mtu aliyekatwa.

Filbert Bayi simtii sana katika habari hii, ingawa ndiye mkubwa wa wote kwa rekodi. Christchurch, Februari 1974, aliongoza mita 1,500 tangu mwanzo mpaka mwisho kwa 3:32.2, na mtu anayekimbia hivyo hana haja ya kusema kitu.

Wasio na rekodi ndio wenye maneno. Ukikaa na kikundi cha joging Kigoma baada ya mazoezi ya Jumamosi, migebuka inachomwa na maji yanapita mkono kwa mkono, utayasikia. Aliyeshika mkia: "Niliwaacha mtangulie mkung'ute umande." Mwenye tumbo: "Mimi nilikuwa naongoza mpaka tulipoanza." Mwenzake: "Sisi wa nyuma ndio tuliokimbia muda mrefu, nyie mlikuwa na haraka." Mfanyabiashara wa Kongo anayevuka mara kwa mara kutoka Kalemie hana mzaha mwingi, yeye humpigia kila mtu kelele moja, "Kuraje, papa!", hata kama papa mwenyewe ana miaka kumi na tisa.

Upo pia uongo mmoja ambao wakimbiaji wa dunia nzima wanaambiwa na watazamaji, kwamba wamekaribia kufika. Kigoma haukuanza na mbio. Wasafiri wa miguu wameusikia tangu zamani. Mgeni mmoja alitumwa na wenzake kukimbia kutoka mjini kwenda Ujiji, safari isiyofika kilomita kumi, nami nikawa naye kumwonyesha njia, nimekatazwa kumwambia umbali. Tulipotoka Mwanga akamuuliza kijana wa bajaji kama Ujiji ni mbali. "Hapo tu." Tukaenda, tukaenda. Akamuuliza mama mwenye ndoo ya mawese kichwani. "Hapo tu, mwanangu, ukipita msikiti." Tukapita msikiti, tukapita na wa pili. Mgeni sasa anatoa neno moja moja, kipimo cha madaktari kimeshamkataa. Chini ya mwembe palikuwa na mzee mmoja na muuza kahawa. Akajikaza, akatoa shikamoo nzima, akauliza.

"Ujiji?" akasema mzee. "Kwa gari, hapo tu."

"Na kwa miguu, babu?"

Mzee akamtazama viatu, akamtazama uso, akasogea kwenye benchi kumpisha.

"Kwa miguu, kwanza kaa unywe kahawa."